MATESO NYUMBANI: TUSINGOJE KUONA DAMU

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima wa Dodoma, nchi inayopata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, tena mvua yenyewe haba, hana haja ya kufundishwa methali hiyo. Tangu mwezi wa Novemba huitazama mbingu, akapima upepo, akalinganisha joto la leo na la jana. Wala hangoji tone la kwanza limdondokee kichwani ndipo aanze kutafuta jembe. Lakini mtu huyo huyo mwenye macho makali shambani, akirudi nyumbani huwa kipofu wa mawingu yaliyotanda juu ya paa la jirani yake. Hapo hungoja damu. Asipoona jicho lililovimba wala kusikia kilio usiku, husema: "Wale wanaishi vizuri, hatujapata kuwasikia wakigombana."

Ndugu msomaji, katika makala haya tunataka kuzungumza juu ya mawingu hayo. Mateso ya nyumbani aghalabu hayaanzi na ngumi. Ngumi huja baadaye sana, na katika nyumba nyingine haiji kabisa, lakini mateso yapo. Anayengoja kuona alama mwilini ili aamini kwamba mwenzake anateswa, huenda akaja kuamini siku ya msiba.

NYUMBA MPYA, UKIMYA MPYA

Tuanzie hapa Mkonze, moja ya kata za Jiji la Dodoma. Uamuzi wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ulipitishwa mwaka 1973, lakini watu walianza kuhamia kwa wingi Serikali ilipohamia kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Katika miaka kumi tu mji umekaribia kuwa miji miwili. Katika kata za pembezoni, palipokuwa na mashamba na vichaka sasa pana viwanja vilivyopimwa na nyumba za matofali. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, fundi aliyefuata kazi za ujenzi, dereva wa bodaboda na mama lishe wamekuwa majirani wa mzee wa Kigogo ambaye baba yake alichungia ng'ombe papo hapo.

Haya ni maendeleo, nasi tunayafurahia. Hata hivyo, maendeleo hayo yamekuja na jambo ambalo halikuandikwa katika ramani yoyote. Katika kaya ya zamani mke alizungukwa na mama mkwe, mawifi, mashemeji na wazee. Hatusemi kwamba kaya hiyo haikuwa na dhuluma. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967, alikiri wazi kwamba kuonewa kwa wanawake kulikuwa dosari ya maisha yetu ya asili. Lakini kaya ilikuwa na masikio. Leo familia nyingi zinaishi nyuma ya ukuta na geti la chuma, ndugu wa karibu yuko umbali wa safari ya siku nzima, na jirani hajui hata jina la anayekaa nyumba ya pili. Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini mtungi huu umefunikwa, na kata imewekwa mbali.

Wala mkoa wetu hauna sababu ya kujidanganya. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 uliiweka Dodoma miongoni mwa mikoa iliyokuwa na hali mbaya kabisa: karibu wanawake 7 katika kila 10 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walisema waliwahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Katika utafiti wa mwaka 2022, hesabu ya nchi nzima ilikuwa wanawake 27 katika kila 100. Tarakimu hizo ni za makofi, mateke na vipigo vya namna hiyo. Mateso yasiyogusa mwili hayamo humo.

MATESO NI MWENENDO, SI TUKIO

Kosa letu kubwa ni kuyahesabu mateso kama tunavyohesabu ajali za barabarani: leo moja, mwezi ujao moja. Tunauliza, "Amempiga mara ngapi?" Mtesaji wa nyumbani hafanyi kazi yake kwa matukio. Huifanya kwa mwenendo. Shabaha yake si kumwumiza mwenzake tu, bali kumtawala: aamue mwenzake aende wapi, aseme na nani, atumie nini, avae nini, hata afikiri nini. Kipigo ni chombo kimojawapo tu katika kapu lake la zana, na akiweza kutawala bila hicho, hukiacha humo kapuni.

Tuchukue mfano. Hii si nyumba ya mtu yeyote. Tumeijenga kwa maneno ili msomaji aone jinsi hatua zinavyofuatana. Bwana na bibi wamehamia kiwanja chao kipya. Bwana ni mtumishi wa ofisi. Bibi anapika na kuuza chakula kwa mafundi wa majengo ya karibu. Mwezi wa kwanza bwana humfuata mkewe kila jioni, na watu husifu mapenzi hayo. Mwezi wa tatu anamwuliza kwa nini alimsalimu dereva wa bodaboda kwa kicheko. Mwezi wa tano anaijua namba ya siri ya simu yake, na kila usiku husoma nani kampigia. Dada wa bibi anapokuja kutembea, bwana ni mkarimu kupita kiasi. Lakini mgeni akishaondoka, ndani huingia ukimya wa siku tatu. Baada ya mara mbili hivi, bibi mwenyewe anampigia dada yake na kumwambia asije. Kisha kikoba chake kinasemwa kuwa ni cha wanawake waongo na wambeya, naye anajitoa. Mwishowe bwana anasema, kwa sauti ya huruma, kwamba hapendi kuona mke wake akiteseka na moshi. Bibi anaacha biashara.

Umepita mwaka mmoja. Bibi huyu hana fedha, hana rafiki, ndugu zake wamenuna wakidhani amewakataa, na hajapigwa hata kofi moja. Siku ya kofi la kwanza hatakuwa na pa kukimbilia, wala nauli ya kumfikisha huko.

Ona, ndugu msomaji: ukilichukua kila jambo peke yake, lina maelezo mazuri. Kumfuata mke kazini ni upendo. Wivu kidogo ni ubinadamu. Kumpumzisha na kazi ni huruma. Kwa hiyo usipime jambo moja, pima mwelekeo. Jiulize: tangu mtu huyu aanze kuishi na mwenzake, maisha yake yamepanuka au yamezidi kupungua? Je, watu anaowaona, mahali anapokwenda, fedha anazoshika na maneno anayothubutu kusema vinaongezeka au vinakatwa kimoja kimoja?

Yafaa pia tutofautishe mateso na ugomvi wa kawaida. Hakuna nyumba isiyogombana, na wagombanao ndio wapatanao. Lakini katika ugomvi wa kawaida wote wawili husema, wote wawili huweza kukataa, na kesho yake hakuna anayemwogopa mwenzake. Penye mateso, mmoja huishi akichunguza uso wa mwingine kama baharia achunguzavyo bahari. Akisikia mlio wa pikipiki getini, anasimama, anazima redio, anatazama kama chakula kiko tayari, anawanyamazisha watoto. Kipimo cha kwanza cha mateso ni hofu.

Jambo hili sasa limeeleweka duniani. Mtaalamu wa Kimarekani Evan Stark aliliandikia kitabu mwaka 2007, na mwaka 2015 bunge la Uingereza lilitunga sheria inayoufanya mwenendo wa kumtawala mwenzi kwa vitisho kuwa kosa la jinai katika England na Wales, hata pasipo kipigo. Jirani zetu nao wamekwenda mbele: Uganda ilitunga sheria mahususi ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010 na Kenya mwaka 2015, na sheria hizo zinatambua mateso ya kiuchumi na ya moyo pamoja na yale ya mwili.

MFUKO MMOJA, UFUNGUO MMOJA

Katika mateso yasiyoacha alama, ya fedha ndiyo yanayofichika zaidi, kwa sababu huvaa joho la uangalifu. Mume anasema anabana matumizi, na sisi tunamsifu. Lakini kubana matumizi huwabana wote wawili. Penye mateso, mmoja huombewa risiti ya nyanya, na mwingine haulizwi alikolala mshahara.

Katika mkoa wetu dalili hizi huonekana hasa msimu wa mavuno. Mke amepalilia zabibu, amefukuza ndege, amechuma na kubeba. Lakini siku ya malipo hajui bei iliyouzwa wala fedha ziliko. Mjini dalili ni kadi ya benki ya mke kukaa katika pochi ya mume, mkopo kuchukuliwa kwa jina la mke bila yeye kuona fedha, au vyombo vya biashara yake kuvunjwa "kwa hasira" kila anapoanza kujikwamua. Angalia: hasira hiyo haijavunja televisheni ya mwenye hasira. Huchagua sufuria za mama lishe na cherehani ya mshonaji.

Katika hili sheria yetu haiko kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mkewe, na inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali na kuiuza. Inakataza pia mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba wanayoishi bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za mke za kutunza nyumba ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Mama aliyepika na kulea wakati kiwanja cha Mkonze kinalipiwa, hakukaa bure. Asiambiwe na mtu kwamba ataondoka na sanduku lake la nguo tu.

UTULIVU BAADA YA DHORUBA

Swali ambalo husemwa kila mahali ni hili: "Kama anateswa, mbona haondoki?" Wasemao hivyo hudhani kwamba mateso ni ya kila siku. Mwanasaikolojia wa Marekani Lenore Walker, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alieleza mzunguko ambao wanawake wengi aliowahoji waliutambua. Kwanza hewa ya nyumbani hukaza: maneno makali, kununa, kutafuta kosa. Kisha dhoruba hupasuka. Halafu huja utulivu: machozi, toba, ahadi, doti ya khanga, kilo mbili za nyama. Si kila nyumba hufuata ngazi hizo barabara, lakini nyingi zaujua utulivu huo, nao ndio unaomfunga mtu kuliko mnyororo. Mwanamke hakuipenda dhoruba. Anampenda mtu aliyemwona siku ya utulivu, na kila mara hutumaini kwamba safari hii atabaki huyo.

Ndugu nao huitwa katika kipindi hicho hicho. Wanamkuta mume mnyenyekevu, anawapa wazee kiti, anakiri kwamba shetani alimpitia. Mke ndiye anayeonekana mkali na mwenye kisirani. Kikao kinakwisha kwa kumwambia mke avumilie. Tena kuna mahari: ng'ombe walikwisha kugawanywa kwa wajomba na mashangazi, wengine wamekwisha kuolea kaka mtu. Nani atakuwa tayari kusikia kwamba ndoa hiyo imevunjika? Hivyo mtu mmoja huwekwa rehani kwa ajili ya zizi zima.

Tuongeze watoto, aibu, kanisa au msikiti, na kukosa nauli. Ukiyaweka hayo yote pamoja, swali linageuka. Badala ya kuuliza kwa nini haondoki, tuulize nani amezifunga njia za kutokea.

DALILI ZA HATARI YA KIFO

Mateso yote ni maovu, lakini si yote yaliyo karibu na kaburi. Muuguzi na mtafiti wa Kimarekani Jacquelyn Campbell alianza katika miaka ya 1980 kutafuta dalili zinazotangulia mauaji ya wanawake yafanywayo na wenzi wao, na mwaka 2003 yeye na wenzake walitoa utafiti wa miji 11 ya nchi hiyo. Dalili zilizojitokeza humo na katika tafiti za baadaye, mtu wa Mkonze anaweza kuzitambua bila kusoma kitabu.

Kwanza ni kukabwa shingo. Hii ndiyo dalili inayodharauliwa kuliko zote, kwa kuwa mara nyingi haiachi alama nje. Mtu aliyekabwa huweza kupoteza fahamu kwa sekunde chache, na mishipa iliyojeruhiwa ndani huweza kumwua saa au siku kadhaa baadaye. Sauti ikikauka, akimeza kwa shida, macho yakiwa na madoa mekundu, au ikiwa alijikojolea wakati wa tukio, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa na hatari ya kuuawa naye zaidi ya mara saba.

Pili ni vitisho vya kuua, hasa vikitajwa pamoja na chombo: panga, kisu, petroli. Mwenye kusema "nitakuua, kisha nijiue" asichukuliwe kama mwenye mapenzi yaliyopita kiasi. Ni mtu hatari.

Tatu ni vipigo vinavyozidi ukali au kukaribiana. Nne ni kupigwa wakati wa ujauzito. Tano ni kulazimishwa tendo la ndoa. Sita ni wivu wa kuchunguza kila hatua na kumfuatafuata mtu.

Saba, na hii ndiyo inayowashangaza wengi, ni kuondoka kwenyewe. Mtesaji anapoona kwamba utawala wake unamponyoka, ndipo hufanya la mwisho. Siku za kuachana na miezi inayofuata ni wakati wa hatari kuliko kipindi kingine. Kwa hiyo ndugu wanaosema "ameshaondoka, sasa amesalimika" huenda wanalegeza ulinzi saa ile ile ya kuukaza.

Tusidhani pia kwamba haya huwapata wanyonge wasio na fedha peke yao. Tazama majirani zetu. Agnes Tirop wa Kenya, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015, alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake peke yao mnamo Septemba 2021. Mwezi mmoja baadaye alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na umri wa miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo, naye akakana shtaka. Miaka mitatu baadaye, Septemba mosi 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris majuma matatu tu kabla, alimwagiwa petroli na kuwashwa moto nyumbani kwake Endebess, Kenya. Polisi walisema aliyefanya hivyo ni mwanamume aliyekuwa mwenzi wake, na ilielezwa kwamba walikuwa wakigombana juu ya kiwanja. Alifariki tarehe 5 ya mwezi huo. Mwanamume naye aliungua na kufa siku chache baadaye.

Wanawake hawa walikuwa na miguu ya kuwashinda wakimbiaji wa dunia. Lakini haya hayakimbiwi kwa miguu peke yake.

VISINGIZIO TULIVYOVIZOEA

Kuna visingizio viwili vinavyosikika mno. Cha kwanza ni pombe. Ni kweli pombe huongeza ukali wa vipigo. Lakini walevi wengi hawapigi mtu, na mlevi anayepiga hampigi mwenye kilabu, wala mjumbe, wala mkubwa wake wa kazi aliyekutana naye njiani. Hupita kwa wote hao kwa adabu, akafika kwake ndipo "pombe imzidi". Anayeweza kuchagua wa kumpiga, anajua anachokifanya.

Cha pili ni mila, kwamba mume ana haki ya kumrudi mkewe. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016, wanawake 58 katika kila 100, na wanaume 40, walikubali kwamba ipo walau sababu moja ya mume kumpiga mkewe, kama vile kuunguza chakula, kubishana naye au kutoka bila kumwambia. Soma tena tarakimu hizo: waliokubali zaidi walikuwa wanaopigwa. Hivyo ndivyo mateso yanavyojificha hata machoni pa anayeteswa. Na bado Sheria ya Ndoa, katika kifungu cha 66, ilikwisha kutamka tangu 1971 kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vinginevyo. Sheria inasema "mwanandoa". Mume anayepigwa au kudhalilishwa naye inamlinda, wala asione haya kusema.

WATOTO NI MASHAHIDI

Mtesaji huweza kuwadanganya wakwe na wachungaji, lakini watoto hawafichiki. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayeshtuka mlango ukipigwa, anayesinzia darasani kwa kuwa usiku alikaa macho akisikiliza, au binti wa miaka tisa anayejua kuwaficha wadogo zake uvunguni mara sauti zinapopanda, huyo anatoa ushahidi bila kiapo. Walimu wa shule zetu wanayaona mambo haya kabla ya mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto na mateso, na namba ya simu 116 hupokea bila malipo taarifa zinazohusu watoto.

JIRANI AFANYE NINI?

Kwanza, uliza, na uliza faraghani. Kikao cha kuwaweka wote wawili benchi moja kina manufaa penye ugomvi wa kawaida. Penye hofu kinakuwa hatari, kwa maana kila neno litakalosemwa mchana litalipiwa usiku. Balozi wa shina na mjumbe wa serikali ya mtaa walikumbuke hili. Wala usianze na "anakupiga?" kwa kuwa atakataa. Sema: "Mwenzangu, siku hizi sikuoni. Ukiwa nyumbani, kuna kitu unakiogopa?" Kisha nyamaza, usikilize.

Pili, usimwamrishe. Mtu ambaye kila jambo huamuliwa na mwingine hahitaji mwamuzi wa pili. Msaidie ajipange: vyeti vya watoto, cheti cha ndoa, kitambulisho na nakala ya hati viwekwe mahali salama, akiba ndogo ya nauli iwe kwa mtu mwaminifu, na kuwe na ishara. Mtoto akija usiku kuomba kibiriti, jirani ajue si kibiriti kinachotakiwa. Akumbuke pia kwamba simu inayosomwa kila usiku si mahali pa kuandika mipango.

Tatu, jueni njia. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyejeruhiwa apate fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, apeleke hospitali, na majeraha yaandikwe, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo itakayosema mahakamani. Maofisa ustawi wa jamii na watendaji wa mitaa na kata wanapaswa kupokea taarifa, na kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 asiye na uwezo anaweza kusaidiwa na wasaidizi wa kisheria bila malipo. Mwenye kutaka talaka kwa kawaida hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, lakini mahakama inaweza kumwondolea sharti hilo penye sababu za pekee. Na ukatili unaotambuliwa na Sheria ya Ndoa kuwa ushahidi wa ndoa kuvunjika ni wa mwili na wa moyo pia. Penye hatari ya saa hiyo hiyo, piga 112.

Neno la mwisho ni kwa bwana anayesoma ukurasa huu akiwa amekaa sebuleni kwake Jumapili. Sikiliza nyumba yako. Ulipoingia leo, mazungumzo yaliendelea au yalikatika? Watoto walikukimbilia, au walitawanyika? Mkeo akitaka kwenda kwa dada yake, hukuaga au hukuomba ruhusa? Hakuna mjumbe atakayekuja kukuuliza maswali haya, na majibu yake unayajua kuliko mtu mwingine yeyote. Ikiwa majibu hayo yanakutia haya, basi bado kuna wakati wa kubadilika, na kubadilika huanza kwa kumrudishia mwenzako vile ulivyomkata kimoja kimoja: simu yake, ndugu zake, fedha zake, na sauti yake.

Na sisi wengine, majirani wa Mkonze na wa kila mtaa wa nchi hii, tuache kuulizana kama fulani amepigwa. Tuulizane kama fulani anaogopa. Swali hilo twaweza kuliuliza angali hai, naye akatujibu.